Mama Xavérine, Aliyeipa Skrini Mgongo

Ijumaa ya tarehe 29 Mei, Mama Xavérine Nduwimana atazima projekta ya Bio Skatan kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Anastaafu akiwa na afya njema, magoti mawili yanayonung'unika kila akipanda ngazi, na sauti ambayo haijawahi kuhitaji maikrofoni. Mkurugenzi wetu, Gunnel, ameandika wasifu wake kwa Kiswidi kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba hii. Ni mzuri, una tarehe zote, na unasomeka kama maelekezo ya kuunga kabati. Huu wa Kiswahili nimepewa mimi, Obiero wa matangazo, kwa sababu siku hiyo tutakuwa na nusu ya kwaya ya Vårby gård, ndugu kutoka Hässelby na Flemingsberg, Warundi, Wakongo, Wakenya na Watanzania, na wote wametangaza mapema kwamba hawaji kula keki bila kusikia mambo yenyewe.

Haya basi, mambo yenyewe ni haya. Kwa asiyetufahamu, Bio Skatan ni jumba dogo la sinema la chama cha utamaduni, lililojibana chini ya ghorofa za watu karibu na kituo cha treni cha Vårby gård. Wafanyakazi wa kudumu ni wanne tu: Gunnel anayeongoza, Arsène wa Uvira anayekata tiketi na kuoka mikate ya mdalasini, mimi ninayejisifu mtandaoni kwa niaba ya wote, na Mama Xavérine, ambaye kwenye karatasi ni fundi wa projekta na sauti, lakini ukiuliza nani mwenye nyumba, kila mtu ataonyesha juu, kwenye kile chumba chake chenye kidirisha.

Alizaliwa Bujumbura, akapitia Kigoma ambako Kiswahili chake kilinolewa kikawa na makali, akafika Stockholm na mume wake Vénant na sanduku moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha wodi hospitalini Flemingsberg. Bio Skatan aliingia kuuza bisi jioni, ili apate kitu cha kufanya, anavyosema yeye, kwa sababu Vénant alikuwa anajifunza gitaa nyumbani. Wakati huo fundi wa projekta alikuwa mzee mmoja Mswidi aliyependa sana usingizi. Usiku mmoja wa Jumamosi mkanda wa filamu ukaisha, skrini ikawa nyeupe, watu wakakaa wakitazama weupe ule kwa adabu yao yote, kwani hapa watu wanaweza kukaa kimya mbele ya jambo lolote. Mama Xavérine akaacha bisi zinarukaruka, akapanda juu, akamwamsha yule mzee kwa ukelele uliosikika ukumbini. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya filamu. Mzee alipotulia moyo akamwambia kuanzia kesho akae naye humo ndani, maana ni afadhali kuamshwa na mtu aliye karibu. Baada ya miaka miwili mzee alistaafu na kiti kikawa cha Mama.

Projekta za kidijitali zilipoletwa, Mama alilia mchana mzima. Kesho yake akafuta machozi, akaenda kozi, na kufikia Krismasi alikuwa anamfokea fundi wa kampuni kwa kuchomeka waya vibaya. Hapo ndipo mapenzi yake ya sauti yalipopata mbawa. Kwa Mama Xavérine picha ni jambo jema, picha hana ugomvi nayo, lakini filamu ni sauti. Hujaribu spika kila asubuhi kwa kaseti ya kwaya yake mwenyewe, na husikiliza amesimama katikati ya ukumbi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mama anayesikiliza kama mtoto amelala kweli au anajifanya. Gunnel na yeye wamegombania kitufe cha sauti kwa miaka yote niliyokuwa hapa. Gunnel hushusha chini, Mama hupandisha juu, na wote wawili hunywa kahawa pamoja saa tisa kana kwamba hakuna vita.

Lazima niseme habari ya mvua. Kuna mwaka tulionyesha filamu ya Amazoni yenye mvua ndefu, mvua ya kweli, ile ya kushika paa na kulitikisa, na Mama aliiachia kwa kiwango alichoona mvua inastahili. Mpangaji wa ghorofa ya juu akapiga simu kwa wenye jengo kusema bomba limepasuka. Katikati ya onyesho akaingia fundi bomba na ndoo na tochi, buti mpaka magotini, akasimama kwenye njia ya kati akimulika dari. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, akaketi safu ya nyuma na ndoo yake mapajani, akaitazama filamu mpaka mwisho, na siku hizi ni mwanachama wa chama chetu anayelipa ada kwa wakati.

Hiyo filamu ya mvua ndiyo iliyotuletea Amazoni. Baada yake tukaonyesha filamu kadhaa kuhusu watu wa asili wa kule, zote zikiwa zimetengenezwa na wageni, na Mama hakuzipenda hata moja. Alisema zote ni ile ile: manyoya, moshi, mtu mwenye sauti nzito anaeleza kila kitu kabla hujakiona, na watu wakianza tu kuimba nyimbo zao, fidla inaingia juu yao. Mama alikuwa akiuliza kwa sauti kutoka kwenye kidirisha: "Na huyu wa fidla, nani amemwita?" Watazamaji waligeuka kumtazama.

Halafu zikaja filamu za Jurandir. Jurandir ni mtu wa kijiji kimoja kando ya mto katika Amazoni ya Brazili. Kijiji kimetuomba tusikitaje kwenye machapisho, nasi hatukitaji. Yeye na wenzake wanashika kamera wenyewe na kurekodi sherehe zao wenyewe, na ni kama mtu amefungua dirisha chumbani. Sherehe inachukua alasiri nzima kwa sababu ndivyo inavyochukua. Hakuna anayeeleza. Wachezaji wanasimama kwa sababu mmoja amekosea hatua, wote wanacheka, wanaanza tena. Bibi mmoja anamfukuza mpiga picha kwa kuwa amemzibia moto. Wimbo mtakatifu unaendelea na nyuma yake mtu anauliza nani amechukua betri. Siku ya kwanza watazamaji walikuwa wachache, wengi wao wamekimbia baridi tu, lakini Mama alishuka kutoka chumbani mwake machozi yakimtoka kwa kicheko. "Sikilizeni, watoto wangu," alituambia, "hawa ni sisi siku ya harusi. Mambo matakatifu, na mtu mmoja anatafuta ufunguo wa gari."

Tangu siku ile tukawa na Wiki ya Amazoni kila vuli. Gunnel aliwahi kupendekeza ngoma mojawapo ikatwe katikati ili watu wapate mapumziko ya kahawa. Mama alimtazama tu. Gunnel akasema labda kahawa inywewe kabla.

Sasa nafika kwenye lile ambalo kila mtu wa nyumba hii analijua nusu nusu, na leo nalisema zima. Vuli ya mwaka 2022 Jurandir alikuja mwenyewe, pamoja na dada yake Doralice, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye mhariri wa filamu zote za kijiji. Walileta filamu mpya, na jina lake tulilitafsiri *Nyumba Ikifungwa*. Kwenye sherehe kubwa ya kwao wanaume hutoa filimbi ndefu, takatifu, ambazo mwanamke haruhusiwi kuziona. Filimbi zikitoka, wanawake huingia ndani, hufunga milango, na husikiliza. Kusikia ni ruhusa, tena inatakiwa wasikie. Kuona ndiko mwiko.

Jurandir alikuwa amerekodi yote, kwa ajili ya wajukuu watakaotaka kujifunza. Doralice aliihariri sehemu ile kwa masikio matupu, skrini yake ikiwa imefunikwa kitambaa. Wazee wakakubali filamu isafiri kwa sharti moja: filimbi zikianza, picha iwe giza na sauti ibaki. Baadhi ya wazee hao walikuwa wanasema tangu zamani kwamba mwanamke hana kazi kwenye meza ya kuhariri. Doralice ndiye aliyesimama kuwa mdhamini. Kama mwanamke yeyote huko nje angeziona filimbi, filamu zote zingerudi nyumbani na yeye angeinuka kwenye ile meza, asikae tena. Meza ile ilikuwa maisha yake, na aliiweka rehani kwa ajili ya ukumbi ambao hajawahi kuukanyaga, huku Vårby gård, karibu na duka la pizza.

Zilitengenezwa nakala mbili. Moja yenye giza, kwa ajili ya dunia. Nyingine kamili, kwa ajili ya wanaume wa kijijini. Ndugu zangu, mmeshajua ni ipi Jurandir aliyoitia kwenye begi wakati mashua inamsubiri.

Iligunduliwa mchana wa siku ya onyesho, tiketi zote zimekwisha, filamu ikijaribiwa ukumbini na Doralice akiwa mkahawani. Mama alikuwa chini, nyuma ya spika, anahangaika na waya, kwa bahati mgongo wake ukiwa kwenye skrini. Jurandir, aliyekuwa amekaa anatafuna mkate wa mdalasini, akaona sehemu ile inaanza na picha haizimiki. Alipaa. Sijui neno lingine. Akapanda ngazi, akaingia chumba cha projekta, akalivua koti lake akalitupa juu ya lenzi, halafu kwa kuwa hakuliamini koti peke yake, akaikumbatia mashine kwa mikono na miguu. Arsène ndiye aliyemkuta. "Mama Xavé, njoo haraka," alipiga kelele, "huyu bwana wa Brésil anakumbatia machine yetu, na analia!" Mama alipanda na kandambili mkononi, tayari kwa lolote.

Kikao kikafanyika mkahawani. Gunnel akapendekeza onyesho liahirishwe, lakini ndugu wale walikuwa wanaondoka kesho yake. Akapendekeza waingie wanaume tu, akajisikia mwenyewe alichosema, akashika kichwa, kwa sababu katika nchi hii jambo hilo lingeishia magazetini kabla ya chakula cha jioni. Kijijini mtandao hufanya kazi unapojisikia, na filamu ni nzito, kwa hiyo nakala yenye giza isingetufikia kwa wakati. Arsène akajitolea kuendesha mashine, yeye akiwa mwanaume. Tulimshukuru. Arsène aliwahi kuonyesha filamu nzima bila sauti, na alipoulizwa akasema ndiyo sanaa yenyewe.

Mama akasema mashine ina kifuniko cha taa. Unabonyeza kitufe, mwanga unafungwa, sauti inaendelea. Si kitu. Shida ni lini kubonyeza, maana ukichelewa kidogo tu, ukumbi mzima umeona. Jurandir hakuwa na uhakika, kwani dada yake alikuwa amepangua na kupanga upya mambo mengi. Aliyejua filamu ile mpaka pumzi zake alikuwa mmoja tu, naye aliijua kwa masikio. Kwa hiyo mambo yakawa hivi: sehemu ambayo mwanamke hapaswi kuiona ingeendeshwa na wanawake wawili, ndani ya chumba chenye skrini ndogo ya ukaguzi isiyozimika, iliyo mkono mmoja kutoka puani mwao. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu wetu aliambiwa usitazame.

Kabla ya onyesho wale wanawake waliketi mkahawani wakizungumza, Kireno cha huyu, Kifaransa cha yule, Arsène katikati na simu ya kutafsiri. Mama hakuwa amefurahi. Alisema kwao Burundi ngoma kubwa hazipigwi na wanawake, na tangu msichana viganja vinamwasha kila azisikiapo, na hajawahi kuelezwa sababu ya maana. Akamuuliza Doralice: "Na wewe, mdogo wangu, unakubali hivi hivi?" Doralice akacheka. Akasema wazee wenyewe husimulia kwamba zamani sana filimbi zilikuwa za wanawake, wanaume wakazichukua, na pengine ndiyo maana wanazificha hivyo. Akasema wanawake wana nyimbo zao ambazo wanaume hawazikaribii. Halafu akasema wanaume wanapuliza, sawa, lakini kwa sasa dunia nzima inazisikia filimbi zile jinsi mkono wake yeye ulivyoamua zisikike. Mama akakaza kitenge chake cha kichwani. Mwishowe akasema: "Sikubali. Lakini nitafunga. Ahadi umeiweka wewe, mimi ni nani niivunje?"

Jurandir aliomba abaki chumbani awalinde. Mama alimtoa nje. Alimwambia akibaki kuwalinda maana yake hajawaamini, na kama hajawaamini basi aichukue diski yake aende zake. Akaifunika ile skrini ndogo kwa kitenge chake cha kichwani, akafunga mlango.

Onyesho likaanza. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Juu, Doralice alisimama nyuma ya Mama, macho amefumba, mkono wake begani kwa Mama. Wanawake wa kwenye filamu wakacheka, wakaitana, milango ikafungwa mmoja mmoja, mbwa akabweka, kisha kimya cha pumzi moja. Doralice akabana bega. Mama akabonyeza. Giza likaingia, na filimbi zikaja.

Nilikuwa ukumbini na sitajaribu kuzieleza sana. Ziko chini, nzito, zinajibizana mbili mbili, na huzisikii masikioni kwanza bali tumboni. Mwanzoni watu walitaharuki kidogo, kisha ukumbi mzima ukatulia, wanaume kwa wanawake, tumefungiwa ndani pamoja, tunasikiliza watu wanaopita nje ya nyumba. Na sauti ilikuwa inapanda, kwa sababu huko juu Doralice alikuwa anabana bega tena, na Mama hajawahi kupewa ruhusa ya namna hiyo akaiacha.

Hapo ndipo alipoingia Mama Séraphine, mwenyekiti wa bodi yetu, amechelewa treni, hana habari ya lolote. Akaona giza, akajua taa imekufa. Mama Séraphine si mtu wa kukaa chini taa ikifa. Akapanda ngazi kwa mwendo wake wa kanisani siku ya sadaka. Arsène akamwahi mlangoni, akatandaza mikono. "Arsène, ondoka, machine imekufa!" "Machine iko bien, Mama Présidente, iko inasikiliza!" Wakasukumana. Mlango ukafunguka kwa kishindo, ukaipiga meza, na kitenge kikateleza kikaanguka chini.

Chumba kikawa na mwanga. Mama hakuhitaji kuambiwa ni mwanga wa nini, aliuona ukicheza ukutani. Mama alikuwa na kila sababu ya kutazama. Hakukubaliana na mwiko wenyewe. Mlangoni watu wanagombana, hakuna anayemwangalia, na kugeuza shingo kidogo tu kungemtosha kuona kitu ambacho pengine hakuna mwanamke hai aliyekiona. Alichofanya ni kumvuta Doralice, akamlaza uso kwenye kifua chake kama mtoto, akageuka mwenyewe, akaipa skrini mgongo, pua yake ikigusa ukuta. Naye akaanza kucheza. Arsène anaapa. Anasema yeye, mwanaume, mwenye ruhusa zote za kuzitazama filimbi, hakuona hata moja, kwa sababu alikuwa anamtazama Mama Xavérine akicheza mbele ya ukuta mtupu huku amemkumbatia mgeni, mabega yanapanda na kushuka na ile sauti ya chini. Mama Séraphine naye alifumba macho, akasema baadaye hakujua kwa nini, aliona tu mahali pale panahitaji hivyo.

Ukumbini tukasikia mtoto wa kwenye filamu akikohoa, kisha mlango wa kwanza ukilia kwa kufunguliwa. Juu, mkono wa Mama ukatafuta kitufe kwa kupapasa, ukakipata. Mwanga ukarudi, na mbele yetu mwanamke anafungua mlango wa nyumba yake, anakunja uso kwa jua, anacheka. Watu walipiga makofi mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu.

Asubuhi Jurandir alipata simu ya kijijini. Alieleza yote, hakuficha nakala wala mlango wala kitenge. Mzee wa upande wa pili aliuliza jambo moja tu: yule mwanamke wa mashine, alitazama? Doralice akaichukua simu, akasema hapana. Mzee akauliza wewe umejuaje, na wewe macho ulifumba. Doralice akamwambia alikuwa kifuani kwake, na moyo wa mtu aliyetazama haupigi vile. Kisha mzee akacheka, akataka kujua alikuwa anacheza vipi, na ikabidi Doralice asimame pale mkahawani aonyeshe, simu mkononi, sisi wote tukimpigia makofi na Mama Xavérine akilalamika kwamba anamkosea hatua.

Doralice alirudi kwenye meza yake na hakuna aliyemwinua. Mama alirudi kwenye kiti chake, akaendelea na mambo yake kana kwamba amepika tu wali. Katika miaka iliyofuata Wiki ya Amazoni imekuwa jambo la kugombania tiketi, wanafunzi wanajaa treni kutoka Flemingsberg, na majumba mengine matatu ya sinema yametuma mafundi wao wajifunze kwake namna ya kuupa muziki nafasi. Ameendesha pia maonyesho ya asubuhi kwa wazee, sherehe za shule, mazishi mawili yaliyotaka filamu, na harusi moja ambapo bwana harusi alichelewa na Mama akawaonyesha wageni filamu ya nyangumi, kwa sauti, mpaka alipofika. Hajawahi kuumwa siku ya Jumamosi. Amewahi kumtukana waziri mmoja aliyekuwa anaongea wakati wa filamu, bila kujua ni waziri, na alipoambiwa akasema: "Hata hivyo."

Tulimuuliza anataka nini siku ya kuagwa. Alisema hataki hotuba. Kwa hiyo hotuba zimebaki nne tu. Lakini kuna jambo lingine, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaomba mje mapema na mvae nguo za kuweza kupiga magoti.

Doralice amemaliza filamu yake ya kwanza akiwa mwongozaji. Ni sherehe ya wanawake wa kijijini, nyimbo zao wenyewe, na ndani yake kuna sehemu ambayo mwanaume haruhusiwi kuiona. Kusikia, ruhusa. Wanawake wa kijiji walikaa kuamua ionyeshwe wapi kwanza, na kama iwekewe giza. Wakaamua ionyeshwe Bio Skatan, tarehe 29 Mei, Mama Xavérine akiwa kwenye mashine. Na giza wasiweke. Nakala kamili imeshafika, safari hii kwa makusudi.

Gunnel amekwisha kuuliza kwa wanasheria, naye amerudi anang'aa: hakuna anayezuiwa mlangoni, kila mtu ataingia na tiketi yake. Sehemu ile ikifika, Mama atapiga kengele, na wanaume tutaombwa tugeuke. Viti vya ukumbi vimepigiliwa sakafuni, kwa hiyo tutapiga magoti juu yake na kutazama nyuma, kama watoto wanaomchungulia bibi kanisani. Arsène ameshafanya mazoezi. Vénant anasema magoti yake hayawezi, yeye atafumba macho. Mimi nilimpigia Doralice nikamuuliza, kwa upande wa matangazo, nani atakayehakikisha kwamba wanaume wote hao hawachungulii. Akanijibu hakuna. Akasema hakutumwa mlinzi kwa mwanamke wa mashine, na wanawake wa kwao hawaoni sababu ya kutuma mlinzi kwenye nyumba yake.

Ndugu zangu wanaume, nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tugeuke vizuri.

Mama Xavérine, tunakushukuru kwa ukelele wa kwanza na kwa yote yaliyofuata. Umetuzibua masikio. Umetufundisha kwamba mgeni hakati ngoma ya mwenyeji, na kwamba mtu anaweza kubishana na jambo mpaka mwisho na bado akalichunga kwa mikono miwili, kwa kuwa amepewa alichunge. Tunamshukuru Vénant kwa kutuazima wewe jioni zote hizo, na kwa gitaa lake lililokuleta kwetu. Nenda ukapumzishe magoti. Siku zako ziwe ndefu na zenye vicheko, uone yote yaliyo yako kuyaona, na yaliyobaki uyasikie, Mama yetu, kwa sauti ya juu kabisa.